Kirikuu ya shemeji ina kilomita 287,000: ninunue au niache?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Uyole hapa Mbeya. Nauza viazi mviringo. Nanunua kwa wakulima kule Isongole, vingine nashusha Uyole sokoni, vingine napeleka Mwanjelwa. Kazi hii naifanya mwaka wa tisa sasa, na miaka yote hiyo nakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Safari moja natoa shilingi 40,000, na wiki ya biashara nakwenda mara tatu. Kuna siku gari linachelewa, nafika nakuta wenzangu wameshauza na bei imeanguka. Kuna siku dereva ananipigia saa kumi na moja alfajiri kuniambia amepata mzigo mwingine. Nimechoka, Shangazi. Nimejinyima, nikaweka kidogo kidogo kwenye kikoba na kwenye simu, hadi nimefikisha milioni 5 na laki 4.

Sasa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anauza kirikuu yake. Ni Suzuki Carry ya mwaka 2003. Aliinunua 2016 ikiwa imetoka bandarini, inasoma kilomita 92,000. Leo, baada ya miaka tisa, inasoma 287,000 na kitu. Anataka milioni 6 na laki 8. Kwa kuwa mimi ni mke wa mdogo wake amekubali nimpe milioni 5 sasa hivi, halafu milioni 1 na laki 8 nilipe taratibu kwa miezi sita bila riba. Hela anaitaka kabla ya Julai kwa sababu binti yake amechaguliwa kidato cha tano.

Mume wangu anasema hapo hakuna la kufikiria. "Kaka yangu hawezi kutuuzia gari bovu," basi, mazungumzo yameisha. Lakini fundi mmoja ninayefahamiana naye, nilipomtajia hizo kilomita, alicheka. Akasema injini ya cc 660 ikifika huko ni bibi kizee, akanipigia hesabu ya kuishusha: milioni 1 na laki 4, na hapo gia boksi haijaguswa. Shemeji naye anasema injini ilifanyiwa kazi mwaka jana. Nikamuuliza kazi gani, akanijibu, "Ilifanyiwa kazi, shemeji, usiwe na wasiwasi." Nikaona aibu kuuliza tena.

Upande wa pili kuna yadi mjini wana kirikuu kama hiyohiyo, ya 2004, haijawahi kutembea nchini. Inasoma kilomita 68,000. Inang'aa, viti bado vina nailoni. Bei milioni 11 na nusu. Kuipata lazima nikope SACCOS zaidi ya milioni 6, na dhamana ni kiwanja chetu cha Isyesye. Mume wangu hilo hataki hata kulisikia.

Shangazi, nikiacha gari la shemeji nikaenda yadi, nitaonekana nimemdharau. Nikisema fundi alikague kwanza, nitaonekana namwita mwongo. Nikilinunua likafa mwezi wa pili, bado ananidai, nitamwangaliaje usoni? Krismasi tunakula sahani moja.

Natamani pia gari la kunifikisha Igurusi, nipeleke viazi nirudi na mchele. Dereva atakuwa mwanangu wa kwanza, amepata leseni Februari. Mimi sijui kuendesha.

Hizo kilomita ni nyingi mno? Ndaga fijo, asante sana.

Mama Viazi, Uyole

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Ugonile.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona gari, mara ya pili nikaona ukoo. Unaniuliza kama kilomita 287,000 ni nyingi mno, lakini neno uliloliandika kwa uchungu zaidi ni aibu: aibu ya kuuliza, aibu ya kukagua, aibu ya kukataa. Nitaanza na kilomita kwa sababu ndizo ulizoniuliza. Hayo mengine tutayafikia.

Kilomita 195,000 kwa miaka tisa ni kama 60 kwa siku. Kwa gari la biashara hapo hakuna cha kushtua, ni mtu aliyekuwa anafanya kazi. Cha kujua ni kazi yenyewe ilikuwa ipi. Kirikuu hizi zimejengwa kwa kanuni za Japani za magari madogo, injini isizidi cc 660 na mzigo usizidi kilo 350. Wewe mwenyewe unajua kinachopakiwa Isongole. Gunia halali mwisho kilo 100, lakini lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, inapanda hadi 120 na zaidi. Gunia sita za lumbesa ni zaidi ya kilo 700, yaani mara mbili ya mzigo wake. Ongeza na mwinuko wetu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo kilomita moja ya kupandisha mlima na lumbesa si sawa na kilomita moja ya kusambaza soda mitaa ya Soweto. Shemeji alikuwa anabeba nini? Hujaniambia, na pengine nawe hujamuuliza.

Gari la yadi nalo lina hesabu yake. Kilomita 68,000 kwa miaka 21 ni kama 9 kwa siku. Inawezekana. Mkulima wa Japani anaweza kutumia kigari kama hicho kwenda shambani na kurudi tu, na ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili kule una gharama, ndiyo maana magari mazima yanaishia kuuzwa nje. Lakini mita ya kilomita inarudishwa nyuma pia, na kazi hiyo haichukui hata nusu siku. Waombe yadi cheti cha kuuza gari nje kilichotoka Japani, kwa sababu huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Halafu inama uangalie mpira wa pedali ya breki na ya klachi. Mpira uliolika hadi chuma kinachungulia hauwezi kuwa wa kilomita 68,000, hata viti viwe na nailoni tatu.

Marehemu mume wangu alikuwa na pikapu Datsun 1200. Waya wa spidi ulikatika mtoto wetu wa pili akiwa darasa la kwanza, na hadi anamaliza la saba gari lilikuwa linasoma kilomita zilezile. Alipoliuza mnunuzi alifurahi sana. Sijivunii hilo. Nakueleza ili umuulize shemeji kama mita yake iliwahi kusimama, maana hata hiyo 287,000 inaweza kuwa imepungua.

Sasa hili neno "ilifanyiwa kazi". Mafundi wanalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Pengine injini ilishushwa kweli, zikawekwa ringi, bearing na sili mpya, na hapo umri wake umerudi nyuma sana. Pengine ilichemka, gasketi ikaungua, ikabadilishwa hiyo gasketi tu na maisha yakaendelea. Au ilitolewa kabisa ikawekwa injini ya mtumba. Kama ni hili la tatu, zile 287,000 ni za bodi, gia boksi na difu. Injini ina kilomita zake ambazo hakuna anayezijua, hata shemeji. Chukua kadi ya gari, soma namba ya injini, umwombe fundi akuonyeshe namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Zikitofautiana, zungumzeni hapohapo, kwa sababu utakapokwenda TRA kuhamisha umiliki jambo hilo litakusubiri mlangoni. Na kama injini ilishushwa, kuna risiti za spea au kuna jina la gereji. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huyo fundi aliyecheka usimpe uzito wote. Alicheka kabla hajaliona gari, na kushusha injini ndiyo riziki yake. Mtafute mwingine ambaye hatalipwa chochote zaidi ya ukaguzi, na umlipe vizuri.

Na nenda mwenyewe. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, baridi hii ya Juni, bila kupiga simu ya "washa washa tunakuja". Weka kiganja juu ya mahali injini ilipo, chini ya kiti. Pakiwa pa vuguvugu, kuna mtu aliamka kabla yako. Pakiwa pa baridi kama jiwe la mtoni, mwambie mwanao awashe, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi ni mvuke wa baridi yetu, unaisha. Mweupe usioisha injini ikishapata moto ni maji yanayoingia yasikotakiwa. Wa bluu ni oili inaungua, ringi zimechoka. Halafu fungua kifuniko cha oili ukigeuze. Ukiona povu la rangi ya chai ya maziwa, muulize fundi. Linaweza kuwa unyevu wa safari fupi za baridi, linaweza kuwa gasketi, na yeye ndiye atakayetofautisha kwa kupima kompresheni na kuangalia maji ya rejeta.

Baada ya hapo lipakieni. Gari tupu halina siri ya kutoa. Mpande nalo Isongole na mzigo, mrudi nao, mguse kila tairi mkifika chini.

Hapo kwenye kuteremka ndipo barua yako iliponisimamisha. Umeandika aya nzima juu ya injini, na mstari mmoja mwishoni juu ya kijana mwenye leseni ya miezi minne atakayepeleka viazi Igurusi. Mwanangu, njia ya Igurusi ni Mlima Nyoka na mteremko wa Inyala. Malori yaliyoishiwa breki hapo tumeyaona wote. Injini ikifa utapoteza mzigo na pesa. Breki zikifa kijana akiwa na gunia sita mgongoni, hiyo ni habari nyingine. Sisemi asiendeshe, wote walianza siku moja. Nauliza tu kama Igurusi lazima iwe mwaka huu, na kama hata hilo gari jipya la yadi lingekuwa salama mikononi mwake na lumbesa sita. Ulipokuwa unakodi, ulikuwa unamkodi na dereva wa miaka mingi ndani ya ile 40,000.

Na si dereva peke yake. Mafuta, oili, matairi, bima, leseni ya LATRA ya kubeba mizigo, bushi zinazokwisha kwa mashimo ya kwenye mashamba, vyote vilikuwa juu ya mwenye gari. Safari tatu kwa wiki ni 120,000, lakini hiyo yote haitabaki mkononi mwako ukiwa na gari lako. Kaa na daftari lako la mwaka jana uhesabu wiki za biashara zilikuwa ngapi kweli, na wiki za mvua ulizokaa nyumbani zilikuwa ngapi. Rejesho la SACCOS halijui mvua. Ukiona wiki za kulala ni nyingi, kiwanja cha Isyesye kinaingia hatarini, na hapo mumeo namwelewa. Lakini yeye naye aelewe upande wako: ukimpa kaka yake milioni 5, unabakiwa na laki 4 mkononi, deni la laki 3 kila mwezi, na gari ambalo fundi amekutajia ugonjwa wa milioni 1 na laki 4. Gari la bei nafuu usiye na hela ya kulitibu ni ghali kuliko linavyoonekana.

Turudi kwa shemeji. Unasema ukileta fundi utakuwa umemwita mwongo. Amekuambia hivyo, au ni wewe uliyemsemea? Mtu aliyekubali kusubiri milioni 1 na laki 8 kwa miezi sita bila riba hanionekanii kama mtu wa kukwepa. Anaonekana mtu mwenye haraka ya mahitaji ya shule. Wenye haraka wakati mwingine hawadanganyi, wanafupisha maneno tu.

Tena angalia dereva ni nani. Ni mtoto wake. Kwenu yeye ni baba mkubwa. Mumeo anaweza kumwendea, na ni vizuri aende yeye, amwambie: "Kaka, gari ataendesha mwanao. Tunaomba siku moja uje gereji, umkabidhi mbele ya fundi, umwonyeshe magonjwa yake yote, lipi linasikika wapi." Hapo hakuna aliyeitwa mwongo. Baba mkubwa anamkabidhi mtoto gari. Atajisikia anaheshimiwa, na fundi atakuwa hapohapo na taa yake mkononi. Akikubali kwa moyo mweupe, umejua jambo. Akikataa, au akitaka fundi wake peke yake, umejua jambo pia, ingawa si lazima liwe baya. Inaweza kuwa aibu ya kuonyesha kwamba gari limechakaa kuliko alivyolisema.

Lile deni la miezi sita ndilo linaloniogopesha zaidi kuliko kilomita. Likiachwa mdomoni, kila gari litakapokwama utajiuliza kama bado unapaswa kulipa, naye atajiuliza kama unatafuta sababu. Kaeni mapema muandike: injini au gia boksi ikifa ndani ya miezi mitatu, nani anabeba nini? Labda mtakubaliana itolewe kwenye hiyo milioni 1 na laki 8, labda mtagawana nusu kwa nusu, labda atasema gari linauzwa kama lilivyo na apunguze bei leo. Lolote kati ya hayo linavumilika. Kutosema chochote ndiko kutakakofika mezani Krismasi. Muandikiane mbele ya shahidi, mhamishe kadi TRA mapema bila kungoja deni liishe, na kabla ya hapo uangalie kwa namba ya gari kama lina deni la trafiki. Kadi ikibaki kwa jina lake na Mungu akamchukua kesho, gari lako litaingia kwenye mirathi na utakuwa unalitafuta mahakamani.

Nikupe na njia ambayo hukuiandika. Mwombe akukodishe hiyo kirikuu mwezi mmoja, ulipe safari kama unavyolipa wengine, na kijana akae na dereva wa shemeji pembeni yake. Ndani ya wiki nne utajua inakunywa oili kiasi gani, inachemka wapi, na mwanao anaogopa kona ipi. Hatari yake ni Julai. Shule haisubiri, na anaweza kutokea mtu na milioni 6 na laki 8 taslimu mkononi, gari likaondoka. Pengine wiki mbili zinatosha. Pengine utampa kitangulizi kidogo kinachomsaidia kununulia binti godoro na tranka, na mkiafikiana kiingie kwenye bei.

Au unaendelea kukodi mwaka mmoja zaidi, huku unakusanya. Najua hilo hulitaki, nimesoma "nimechoka" yako. Nalitaja kwa sababu lipo, na kwa sababu mwaka huo kijana angeutumia barabarani na wakubwa wake.

Kati ya hizi njia siwezi kukuchagulia. Sijaugusa huo mpira wa pedali, na daftari lako liko kwako. Lakini hiyo asubuhi ya saa kumi na mbili usiiache ipite. Vaa sweta, nenda na mumeo, nenda na kijana. Kisha niandikie injini iliwaka kwa mara ya ngapi, na shemeji alisema nini mlipomwomba aje gereji.

Shangazi yako